"Fine": iko muzuri ao amande?

Wandugu watumikaji, wakati wa Gécamines karatasi za kazi zilikuwa mu Kifaransa. Leo, Kolwezi, Fungurume ao Likasi, mutu anaweza kukuta fomu iko mu Kingereza, na anaombwa kutia sinyatire palepale. Ninataka kuzungumuza neno moja tu la ile luga, neno ambalo sisi wote tunazani tunalijua: "fine".

Mutu akiulizwa habari yake anajibu "fine", maana yake niko muzuri. Hiyo tunajua. Lakini mu karatasi ya polisi ao ya biro, "fine" ni amande. Na kwa wale wanaotumika na madini, "fine" ni kitu laini, kama ule unga mwembamba unaotoka wakati mawe yanapondwa. Yote tatu inatoka neno moja la Kilatini, finis, ni kusema mwisho, lile lile tunaona mu Kifaransa "fin". Amande ilikuwa feza ya kumaliza maneno: unalipa, mambo inaisha. Na kitu kizuri kilikuwa kile kilichomalizika vema.

Kwa mwenzetu mumoja, shofere wa kamyo, mambo haikuisha vema. Aliitwa mu biro, wakamupa karatasi yenye kuandikwa "fine" na namba pembeni. Akauliza: "Shefu, hii iko bien?" Shefu akainua kidole gumba: "Fine, fine." Papa akatia sinyatire, akarudi ku usukani akicheka. Mwisho wa mwezi, mushahara ulikatwa. Sisi madelege tulipoenda kuuliza, tulionyeshwa sinyatire yake. Ile feza haikurudi mpaka leo.

Wengine watasema: basi mujifunze Kingereza. Ni kweli, hata mimi najifunza usiku mu daftari ya mutoto wangu. Lakini kosa haiko la luga. Sisi pia tunapanda mulima na tunapanda mihogo, kwa neno moja. Mugeni akichanganya, tunacheka naye, inaisha. Hakuna mutu anamukatia mushahara.

Katiba ya 2006, artikle ya 1, inasema luga ya serikali ni Kifaransa, na Kiswahili iko kati ya luga 4 za taifa. Basi karatasi yote inayogusa mushahara wa mutu iandikwe mu Kifaransa, na aelezwe mu Kiswahili mbele ya kutia sinyatire. Hiyo haiombe feza nyingi. Inaomba heshima.

Kungojea siku hiyo, wandugu, hata shefu akikuinulia kidole, usiharakishe kushika biki. Uliza kwanza: hii "fine" ni ya namna gani? Wakikuambia hakuna wakati wa kukueleza, ita delege wako.