Neno la Mhariri: Mwenye Timu na Kocha Wake

Makwasinyi, chini ya Mlima Kasigau, hakuna mmiliki wa timu kama anavyojulikana mjini. Kuna mlezi: ndiye anunuaye jezi, atoaye mpira na kulipia gari la kuwapeleka vijana Maungu au Voi. Na kuna kocha. Yeye hutangulia uwanjani, akachora mistari kwa majivu, na mazoezi yakiisha huenda na mipira kulala nayo nyumbani. Halipwi. Msimu wa kampeni walezi huwa wengi. Kura zikishahesabiwa, anayebaki na vijana ni kocha.

Toleo hili linahusu uaminifu baina ya hao wawili, na msimamo wangu ni huu: kocha tunamdai uaminifu kila siku, mwenye timu tunamsamehe upesi mno.

Tazama Wazito FC. Ricardo Badoer alipoichukua mwaka 2018, aliimwagia fedha ambazo klabu nyingi za Kenya huziota tu. Katika miaka michache wakapita makocha Fred Ambani, Melis Medo, Stewart Hall na Francis Kimanzi. Ambani alikuwa nayo ilipopanda tena Ligi Kuu mwaka 2019, lakini msimu mpya ulianza na Medo. Timu gani itajifunza kucheza kwa mtindo mmoja hapo?

Sisemi kocha anayefungwa kila wiki ang'ang'aniwe. Kufukuza ni haki ya mwenye timu. Suala ni namna anavyofukuza. Kocha Adel Amrouche alitimuliwa timu ya taifa ya Kenya, Harambee Stars, Agosti 2014, baada ya Lesotho kututoa katika mchujo wa Kombe la Afrika. Mkataba wake ulikuwa bado hai, naye akashtaki. Shirikisho likaamriwa kumlipa zaidi ya shilingi milioni 100, na deni hilo likatuweka katika hatari ya kufungiwa nje ya mchujo wa Kombe la Dunia 2022. Hasira ya siku moja, gharama ya miaka.

Makocha nao hawana usafi wote. Januari 2021 Sven Vandenbroeck, kocha wa Simba ya Tanzania, aliifunga FC Platinum 4-0 na kuiingiza timu yake hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Kesho yake akaondoka, muda si mrefu akawa Morocco. Mashabiki wa Simba walikuwa bado wanashangilia.

Basi nawaomba walezi wa timu za Kasigau na Voi: kabla ya mashindano yajayo, kaeni na kocha wenu mwandike ukurasa mmoja. Nani analipa gari, kocha anapewa nini, na mkitaka kuachana mtaarifiane siku ngapi mbele. Wekeni sahihi mbele ya wazee na manahodha. Na nauli ya kocha ilipwe kwanza, kabla ya jezi mpya.