Mashine ya nyasi ikigoma, ifungue mwenyewe

Wewe unayekata nyasi za watu kwa kibarua, iwe Makutano kule Meru au mitaa ya Embu, mashine ikigoma mbona unakimbilia fundi? Mvua ya Oktoba ikianza nyasi haingoji, na kila siku mashine ikilala gereji mwenzako anachukua kazi yako.

Mara nyingi ni kabureta tu, imezibwa na petroli iliyolala humo kiangazi chote. Chomoa waya wa plagi kwanza, ama kisu kizunguke na vidole vyako. Mwaga petroli, piga picha kila hatua, nati weka kikombeni (kwenye nyasi hutaziona tena). Pistoni na ringi mwachie fundi, lakini simama hapo uone anavyofungua.