Mwenye Bomu na Wafungwa Wake

Serikali katili inapotaka kujipatia bomu la atomiki, majirani wafanye nini? Kila mara twasikia redioni habari za namna hiyo juu ya nchi za mbali, na mtu wa shamba huona hazimhusu. "Mimi na jembe langu," asema, "na bomu la wakubwa, wapi na wapi?" Lakini Afrika yetu imekwisha kupita katika jambo hili. Yafaa tulikumbuke, maana vijana wengi hawalijui.

Mwaka 1965 mtambo wa kwanza wa atomiki ulianza kazi Pelindaba, karibu na Pretoria, katika nchi ya Makaburu. Marekani ndiyo iliyousaidia, kwa kazi za amani. Mwaka 1970 Waziri Mkuu Vorster akatangaza kwamba wataalamu wake wamepata njia yao wenyewe ya kurutubisha urani. Maana yake ni kuzidisha ile sehemu ndogo ya urani ambayo hutoa nguvu nyingi. Ikizidishwa kidogo, yafaa kwa umeme. Ikizidishwa sana, yafaa kwa bomu. Mlango ni mmoja, vyumba ni viwili, na aliye nje hawezi kujua kwa urahisi mwenye nyumba ameingia kipi.

Sasa tazameni mwaka 1977. Mwezi wa Agosti setilaiti ya Warusi iliona matayarisho ya kujaribu bomu katika jangwa la Kalahari. Warusi wakawaarifu Wamarekani, mataifa makubwa yakawakemea Makaburu, na jaribio likaachwa. Septemba 12 Steve Biko alikufa mikononi mwa polisi, naye ana miaka 30 tu. Oktoba 19 serikali ikapiga marufuku vyama 18, pamoja na Christian Institute ya Mchungaji Beyers Naudé, ikalifunga na gazeti la The World. Novemba 4 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likakataza nchi zote kuiuzia Afrika Kusini silaha.

Hayo yote ni ya miezi minne. Serikali iliyotayarisha jaribio jangwani ndiyo hiyo hiyo iliyomtesa Biko. Iliwaogopa raia wake, ikaogopa na majirani, na kila hofu ikaitafutia silaha yake.

Je, kukemewa kulitosha? La. Kulizuia jaribio, hakukuzuia kazi. Makaburu walifunga milango wakaendelea kimya kimya, hata wakamaliza mabomu sita na kuanza la saba. Setilaiti huona jangwa, haioni ndani ya karakana. Aliyejua mengi ya ndani ni mwenyeji aliyekataa dhuluma. Msomi mmoja Mzungu wa huko, Renfrew Christie, alihukumiwa mwaka 1980 kifungo cha miaka 10 kwa kuwapelekea ANC habari za mipango ya atomiki ya serikali yake.

Na yule mtu wa jembe, alikuwa na kazi gani? Alikuwa nayo kubwa. Baada ya watoto wa Soweto kupigwa risasi Juni 16, 1976, vijana wengi walikimbia nchi yao. Mwaka 1977 Tanzania iliwapa ANC shamba la zamani la mkonge huko Mazimbu, Morogoro. Hapo ilijengwa shule iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria mwaka 1979. Wenyeji wake hawakuwa matajiri. Wala haikuwa kazi isiyo na hatari: Desemba 1982 askari wa Makaburu waliingia usiku Maseru, katika nchi ya Lesotho, wakaua watu 42, wakimbizi na wenyeji pia. Hata hivyo mlango wa Mazimbu haukufungwa.

Mwisho ulikuja namna hii. Februari 2, 1990, Rais de Klerk aliondoa marufuku ya ANC. Februari 11 Nelson Mandela akatoka gerezani. Februari 26, mwezi ule ule, de Klerk akaagiza kwa maandishi mabomu yavunjwe. Mwaka 1991 nchi yake ikatia sahihi Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia, na Machi 24, 1993, akalikiri jambo lote mbele ya Bunge. Wakaguzi wa kimataifa wakaingia wakahakikisha.

Tuseme kweli: sababu zilikuwa nyingi. Vita vya Angola vilikuwa vimepata mapatano, Urusi haikuogopwa tena, na wengine husema Makaburu hawakutaka bomu liwaangukie Waafrika watakaotawala. Hayo yote tuyakubali. Lakini gereza na karakana vilifunguliwa pamoja, na wale waliolelewa uhamishoni walikuwa tayari kuipokea nchi isiyo na bomu.

Wapo wasemao kwamba dawa ya upesi ni kumpiga mwenye mitambo kabla hajamaliza. Basi wafikiri habari za Iran. Mwaka 2023 Narges Mohammadi alipewa Nishani ya Amani ya Nobel akiwa mfungwa katika gereza la Evin, mjini Tehran, kwa sababu ya kutetea haki za wanawake. Juni 2025 Israeli iliipiga Iran kwa ajili ya mitambo yake ya nyuklia, na Juni 23 mabomu yakaanguka juu ya Evin hiyo hiyo. Mahakama ya Iran ilitaja watu 71 waliouawa, na kati yao wafungwa na jamaa waliokwenda kuwaona. Waliokuwa wakimpinga mtawala wakapigwa naye mbele, na adui yake nyuma.

Kwa hiyo, msomaji, ukisikia habari za bomu la serikali fulani, usiulize tu ana urani kiasi gani. Uliza pia ni nani wamo magerezani mwake. Wakubwa na wafanye mapatano na watume wakaguzi. Ni kazi njema. Nasi tusiyasahau majina ya waliofungwa, tusimchukie raia kwa makosa ya mtawala, na mkimbizi akibisha hodi tumkaribishe. Mgeni njoo, mwenyeji apone: Mazimbu leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, na wanaosoma humo ni watoto wetu.