Taa ya Kulanti Si ya Kukatwa Waya

Fundi mwenye haraka ana dawa moja ya taa ya kulanti inayowaka ilhali tangi limejaa: plaisi. Waya wa taa unakatwa, taa inazimika, mteja analipa. Katika barabara ya Chebilat–Ikonge–Chabera, inayopanda na kushuka vilima vya Nyamira, huko ni kucheza na injini ya mtu.

Kwenye mwinuko wa mita 1,800, maji ya sufuriani huchemka yakifika takriban nyuzi 94. Injini nyingi hufanya kazi karibu na nyuzi 90. Kinachozuia gari lisichemshe ni mgandamizo unaoshikiliwa na kifuniko cha rejeta. Kikilegea, au kulanti ikivuja, mlima mmoja tu unatosha kuleta balaa. Tena maji yakiisha kabisa, sensa ya joto hubaki kwenye mvuke, na mshale wa dashibodi unaweza kutulia chini huku silinda hedi ikipinda. Aliyekatiwa waya hana tena wa kumwonya.

Hata hivyo, taa hiyo hudanganya kweli, na mara nyingine kisa ni maji yenyewe. Magari mengi ya Volkswagen yana pini mbili ndani ya tangi. Umeme ukipita kati yake kupitia kulanti, taa hunyamaza. Pini zikishika uchafu, taa huwaka. Dereva aliyejaza maji ya mvua matupu anaweza kuiona pia, kwa kuwa maji hayo hayana chumvi za kutosha kupitisha umeme vizuri. Magari mengine hutumia boya lenye sumaku, ambalo tope la kutu hulinasa chini hata tangi likiwa pomoni.

Ukaguzi hauna gharama. Injini ikishapoa, kwani mvuke wake hubabua uso, kifuniko kifunguliwe, kiwango kilinganishwe na alama za tangi, soketi ya sensa ichomolewe na kukaguliwa kutu. Kiwango kikishuka tena baada ya siku chache, taa ilisema kweli.

Mwenye gari, kabla ya kulipia rejeta mpya, mwambie fundi aoshe tangi na sensa, kisha ajaze kulanti halisi. Akishika plaisi, chukua funguo zako uende kwa mwingine.