Mtamba aliyedumaa ni hasara kwa mfuko na kwa ardhi

Mfugaji wa ng'ombe wa maziwa wa Handeni au Korogwe akipata gunia la pumba, wa kwanza kufikiriwa ni ng'ombe anayekamuliwa. Jambo hilo linaeleweka, maana huyo ndiye anayeleta fedha ya leo. Mtamba ambaye hajazaa huachwa ajitafutie. Wakati wa masika hushiba, lakini kiangazi kikikaza hula mabua na nyasi zilizokomaa, na ikifika Februari mbavu zake zinahesabika. Kwa hesabu za uchumi, huyo ndiye ng'ombe ghali kuliko wote zizini.

Mtamba chotara aliyelishwa vizuri anaweza kuzaa akiwa na miezi 27 hadi 30. Kwa wafugaji wengi wadogo umri huo hupita miezi 36, na wapo wanaovuka 40. Tuchukue mfano wa mtamba anayechelewa kwa miezi 15. Akila kilo tano za chakula kikavu kwa siku, atakuwa amekula zaidi ya tani mbili kabla ya kutoa hata kikombe cha maziwa. Kama angezaa mapema na kutoa lita sita kwa siku kwa miezi kumi, mfugaji angekuwa ameuza au kunywa lita 1,800. Kila mtu aweke bei ya kijijini kwake, aone jibu.

Hasara ya pili haionekani kwa macho. Vijidudu vya tumbo kubwa la ng'ombe hutengeneza gesi ya methani, nayo hutoka mdomoni anapopiga mbweu. Gesi hiyo hubeba asilimia 2 hadi 12 ya nguvu iliyokuwamo katika chakula, na kwa kipindi cha miaka 100 uwezo wake wa kuongeza joto duniani ni takriban mara 27 ya ule wa hewa ukaa. Kwa makadirio ya kawaida ya gramu 20 kwa kila kilo ya chakula kikavu, miezi 15 ya kuchelewa ni kilo 45 hivi za methani, sawa na zaidi ya tani moja ya hewa ukaa. Mabua makavu huongeza gesi kwa kila kilo inayoliwa. Kwa maneno mengine, mfugaji hununua au kusomba chakula kisha sehemu yake hupeperuka hewani.

Dawa yake si ngeni. Ni kuchanganya nyasi na mikunde ya malisho kama desmodiamu, siratro, fiwi na miti ya lukina na gilirisidia. Mikunde huvuta nitrojeni kutoka hewani na kuiweka ardhini, hivyo nyasi zilizo jirani hunufaika bila mfuko wa mbolea ya dukani. Inayotambaa hufunika udongo na kupunguza mmomonyoko, jambo kubwa kwa miteremko ya Korogwe inayopeleka maji Mto Pangani. Lukina na desmodiamu zina taanini, ambayo hupunguza methani na kufanya nitrojeni nyingi zaidi itoke kwenye kinyesi badala ya mkojo. Kinyesi hukaa shambani kama samadi, wakati nitrojeni ya mkojo hupotea upesi hewani na katika maji. Nchini New Zealand wafugaji huchanganya nyasi na mmea wa majani mapana uitwao plantain (hauhusiani na ndizi) kwa sababu hiyo hiyo ya mkojo. Si lazima Handeni iagize mbegu za huko, kwani mikunde inayostahimili jua la Mkata na Sindeni ipo.

Lakini isisemwe kwamba mtamba afunguliwe tu kwenye mikunde. Akiingia na njaa kwenye mikunde michanga yenye umande, anaweza kuvimba tumbo na kufa siku hiyo hiyo, kwa hiyo ale nyasi kwanza. Lukina isizidi theluthi moja ya chakula chake, kwani ina sumu inayonyofoa manyoya, na ikatwe kabla ya mbegu kukomaa isije ikageuka kichaka. Tena mtamba anayechunga nje hukutana na kupe. Asiyeogeshwa wala kuchanjwa ndigana kali atakufa hata kama malisho ni ya kifalme.

Tatizo gumu zaidi ni ardhi. Nani atapanda desmodiamu kwenye eneo la kijiji, ikiwa Januari kundi la mtu mwingine litapita na kulimaliza? Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Maeneo ya Malisho ya mwaka 2010 zinatoa njia ya kutenga na kusimamia malisho, ila karatasi haizuii ng'ombe. Ni bora vikundi vya wafugaji vianze na ekari chache, zizungushiwe gilirisidia kama ua hai, zigawanywe vipande, na mitamba ihamishwe kipande kwa kipande ili mimea ipumue. Halmashauri zitunge sheria ndogo za kulinda vipande hivyo.

Kuna hoja moja ambayo wapenda mazingira huipita haraka. Mitamba ikizaa mapema, na mfugaji akaongeza idadi ya ng'ombe kwa sababu hiyo, gesi kwa kila lita itapungua lakini jumla yake itapanda, na ardhi italemewa. Faida inapatikana tu pale mitamba ya ziada inapouzwa. Soko la maziwa mkoani Tanga, lililojengwa na ushirika wa wafugaji TDCU tangu mwaka 1993 pamoja na kiwanda cha Tanga Fresh, linahitaji ng'ombe wachache wanaokamuliwa hata kiangazi, si wengi wanaokauka wote Februari.

Miradi ya kopa ng'ombe lipa ng'ombe imezoea kudai banda na shamba la majani kabla ya kukabidhi mtamba. Idai pia mikunde, angalau robo ya shamba hilo, iwe imeota na kupaliliwa. Vipando vya gilirisidia havihitaji fedha, hukatwa kwa jirani na kuchomekwa ardhini masika yanapoanza mwezi Machi.