*TAARIFA YA TAWI: ANAYESUBIRI MAKARATASI SI MHALIFU, NA LESENI SI HISANI*

Ndugu wanachama, wapenzi na marafiki wa Chama hapa Houston na vitongoji vyake,



Wiki hii kwenye grupu letu umepita mjadala ambao Ofisi ya Katibu haiwezi kuunyamazia. Mwanachama mwenzetu, ambaye ombi lake la hifadhi (asailamu) bado halijajibiwa, aliomba lifti ya kwenda kazini. Leseni yake imeisha muda siku moja na kibali chake cha kazi. Badala ya lifti akapewa mahubiri. Mmoja akaandika: "Sisi tulisubiri, naye asubiri." Wa pili akaandika: "Tawi ni la siasa za nyumbani, leseni za Marekani hazituhusu." Wa tatu, na huyu ndiye hatari kuliko wote, akamtumia namba ya mtu wa "kumfanyia mpango" jimbo lingine.

Nazijibu hoja hizo moja baada ya nyingine. Anayetaka kubisha abishe, lakini abishe kwa hoja.

*1. SHERIA INASEMAJE*

Tuanze hapa, maana wengi wanaongea wakidhani mtu anayesubiri hana haki yoyote mpaka ajibiwe. Si kweli.

Sheria ya shirikisho iitwayo REAL ID ilipitishwa mwaka 2005. Ndiyo hiyo hiyo ambayo tangu Mei 7, 2025 inatumika kwenye viwanja vya ndege. Sheria hiyo inaorodhesha watu ambao jimbo linaweza kuwapa leseni inayotimiza masharti yake. Wamo raia na wenye grinikadi, lakini orodha haiishii hapo. Imetaja pia mtu mwenye ombi la hifadhi linalosubiri, mtu mwenye ombi la grinikadi linalosubiri, na mwenye ombi la TPS linalosubiri. Wanapewa leseni ya muda, inayoishia pale muda wao wa kukaa unapoishia. Kama muda huo hauna mwisho unaojulikana, leseni ni ya mwaka mmoja.

Kwa hiyo ndugu yetu anayesubiri hakupenya dirishani. Ameingia kwa mlango ambao Bunge la Marekani lenyewe liliuweka. Anayemwita mtu huyo "mtu asiye na makaratasi" hajasoma makaratasi.

*2. HESABU YA KUSUBIRI*

Mimi ni mtu wa hesabu, basi niwape hesabu.

Hapa Texas leseni ya kawaida ya mtu mzima ni dola 33, na inadumu miaka 8. Leseni ya muda, ile iliyoandikwa "Limited Term", nayo ni dola 33, lakini inakwisha na muda wa mtu kukaa. Anayepewa mwaka mmoja mmoja atalipa mara 8 kwa miaka hiyo 8, yaani dola 264. Barabara ni ile ile, mtihani ni ule ule, plastiki ni ile ile. Mwenye uhakika analipa 33, mwenye mashaka analipa 264. Na kila mara apange miadi, aombe ruhusa kazini, akae foleni.

Ongeza ya serikali kuu. Sheria iliyotiwa saini Julai 4, 2025 iliweka ada ya dola 100 kwa ombi la hifadhi, na dola 100 nyingine kila mwaka ombi hilo likiwa bado halijaamuliwa. Kibali cha kwanza cha kazi kwa muombaji huyo kikawekewa dola 550. Kwa upande wa grinikadi, fomu kuu peke yake ni dola 1,440 tangu Aprili 2024.

Someni tena hiyo ya dola 100 kila mwaka. Anayechelewesha jibu ndiye anayelipwa kwa kuchelewesha. Duka gani la kwetu Kariakoo lingekutoza kila mwezi kwa sababu mzigo uliolipia haujafika?

Kwenye uhasibu tunafundishwa jambo moja mapema sana: fedha uliyopokea kwa kazi ambayo hujaifanya haiandikwi kwenye mapato. Inaandikwa kwenye madeni. Ukishika risiti ya ombi lako, wewe unadai na serikali inadaiwa. Inakudai vipi tena uone aibu, ujifiche, ushindwe kwenda kazini?

*3. KWA ANAYESEMA "SISI TULISUBIRI"*

Ndugu yangu, ni kweli ulisubiri. Lakini hukusubiri hivi.

Wengi wenu mliorefusha vibali miaka ya karibuni mlikuwa na kinga: ukituma ombi la kurefusha kabla kadi haijaisha, kibali cha zamani kiliendelea chenyewe kwa hadi siku 540. Kinga hiyo iliondolewa kwa maombi ya kurefusha yaliyotumwa kuanzia Oktoba 30, 2025, isipokuwa makundi machache. Kisha Desemba 2025 muda wa kadi mpya kwa wanaosubiri hifadhi au grinikadi ukashushwa kutoka hadi miaka 5 mpaka miezi 18 kwa zaidi.

Weka mambo hayo mawili pamoja. Kadi fupi maana yake maombi mengi zaidi ya kurefusha. Maombi mengi zaidi maana yake foleni ndefu zaidi. Foleni ikizidi tarehe ya kadi, kadi inakufa, na leseni iliyofungwa kwenye kadi inakufa nayo siku hiyo hiyo. Mtu amelala ana leseni, ameamka hana. Hakupata ajali, hakulewa, hakupita taa nyekundu. Kosa lake ni kwamba ofisi haijafungua bahasha yake.

Wewe ulisubiri ukiwa unaendesha gari. Yeye anaambiwa asubiri akiwa amesimama kituo cha basi kwenye jiji ambalo ghala analobebea boksi liko maili 25 kutoka kwake, na zamu inaanza saa kumi na moja alfajiri. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mwenzako akinyolewa, zako tia maji.

*4. KWA ANAYESEMA "HAYATUHUSU"*

Tukiwa na msiba, nani anachanga? Mgeni wa Chama akija kutoka nyumbani, nani anapika, nani anampokea uwanja wa ndege, na kwa gari la nani? Ada za uanachama zinazoingia kwenye daftari ninalolishika zinatoka kwenye mishahara ya watu wanaokwenda kazini. Bila kwenda kazini hakuna mshahara, bila mshahara hakuna mchango, hakuna karo ya mdogo wake aliye Morogoro, hakuna dawa ya mama aliye Tanga.

Viongozi wakija huku hutusifu kwamba diaspora inatuma fedha nyumbani. Vizuri. Lakini fedha haijitumi. Chama kinachojua namba ya akaunti ya mwanachama na hakijui anafikaje kazini hakina mwanachama, kina mfadhili.

*5. KWA ANAYEUZA "MPANGO"*

Majimbo 19 pamoja na Washington D.C. yanatoa leseni bila kuangalia hadhi ya uhamiaji. Minnesota ilianza Oktoba 1, 2023, Massachusetts Julai 1, 2023. Texas haimo. Hapo ndipo vishoka wamepata biashara: wanakuuzia anwani ya nyumba usiyoishi, wanakupeleka huko, unarudi na leseni.

Tusidanganyane. Leseni ya jimbo hutolewa kwa mkazi wa jimbo hilo. Ukiandika kwenye fomu ya serikali kwamba unakaa mahali usipokaa, umesema uongo kwa maandishi, na sahihi ni yako, si ya kishoka. Siku ya mahojiano ya uhamiaji swali halitakuwa "uliendeshaje gari", litakuwa "ulidanganya wapi tena?" Mtu aliyekuwa anadai anageuka mdaiwa kwa dola mia chache alizompa tapeli.

Ofisi ya Katibu inatamka wazi: namba ya aina hiyo ikitumwa tena kwenye grupu itafutwa, na aliyeituma ataitwa kwenye kikao. Aliye kweli mkazi wa majimbo hayo na aitumie haki yake kwa uhuru. Hiyo ni sheria yao na ni njema.

*6. MAELEKEZO KWA WANAOSUBIRI*

▪️ Omba kurefusha kibali mapema. Dirisha linafunguka siku 180 kabla ya kadi kuisha. Usingoje mwezi wa mwisho.

▪️ Hakikisha majina. Sisi tuna jina letu, la baba na la babu, na kila karatasi imeyapanga inavyotaka. Ofisi ya leseni huhakiki hadhi yako kupitia mfumo wa shirikisho uitwao SAVE. Jina au namba isipolingana, mfumo haujibu hapo hapo na unarudishwa nyumbani. Kosa likiwa kwenye kadi ya kibali, omba lisahihishwe kabla ya kwenda.

▪️ Ukiambiwa "subiri uhakiki", omba taarifa za kufuatilia. SAVE ina ukurasa wa CaseCheck ambapo mwenyewe unaona uhakiki umefikia wapi.

▪️ Beba hati halisi, si picha kwenye simu: pasipoti, risiti ya ombi (I-797), kibali cha kazi kama unacho, na hati mbili za kuthibitisha unapokaa.

▪️ Leseni ya nyumbani haikulindi milele. Ukihamia Texas una siku 90 za kupata leseni ya hapa, na ya Tanzania haibadilishwi hivi hivi. Utafanya mtihani wa maandishi na wa barabarani.

▪️ *SOMENI HAPA MARA MBILI.* Tangu sheria ya 1993, anayeomba leseni huulizwa pia kama anataka kujiandikisha kupiga kura. Wewe si raia, jibu ni *HAPANA*. Usitie alama kwa haraka, usimwachie mtu mwingine akujazie. Kuna watu ambao alama hiyo moja iliharibu kesi zao zote.

▪️ Leseni ikiisha, *usiendeshe*. Faini ya kosa la kwanza ni hadi dola 200, na wapo wanaosema "hiyo nitalipa". Shida si faini. Ukisimamishwa ukaishia jela ya kaunti, alama za vidole zinachukuliwa, na zinafika uhamiaji. Huwezi kuhatarisha ombi la miaka mingi kwa safari ya nusu saa.

▪️ Madereva wa malori: ya kwenu ni kesi nyingine. Septemba 2025 ilitolewa kanuni ya dharura ya shirikisho iliyokataa kibali cha kazi kuwa msingi wa leseni ya biashara kwa wageni, nayo ikapelekwa mahakamani. Muone wakili mwenye leseni ya uwakili kabla ya kufanya lolote, na msichanganye jambo hilo na leseni ya gari dogo.

*7. TUNADAI NINI, NA KWA NJIA GANI*

Tunasema mambo mawili, na hakuna la ajabu ndani yake:

*Kwanza*, mtu aliyetuma ombi la kurefusha kwa wakati na ana risiti, leseni yake isife wakati ofisi bado inasoma ombi lake. Ucheleweshaji wa ofisi ulipwe na ofisi.

*Pili*, ada ilingane na muda. Ukinipa mwaka mmoja, nitoze wa mwaka mmoja.

Wapo watakaosema leseni ikiwa rahisi barabara zitakuwa hatari. Mimi nauliza: nani salama zaidi barabarani, aliyefanya mtihani, ana bima na jina lake liko kwenye mfumo, au anayeendesha kwa kuvizia na akigonga anakimbia? Leseni ndiyo inayomfanya dereva ajulikane. Kumnyima hakupunguzi gari hata moja barabarani, kunapunguza majina tu.

Kuhusu njia, tuwe makini. Tangu 1938 ipo sheria inayowataka wanaofanya kazi ya siasa hapa kwa niaba ya chama cha nje wajisajili. Kwa hiyo *hakuna mwanachama anayeruhusiwa kwenda kwa mbunge wa hapa kwa jina la Chama wala kwa barua ya Tawi.* Nenda kwa jina lako, kama mkazi wa mtaa wako. Mkazi asiye raia ana ruhusa ya kumwandikia mwakilishi wake. Kesi iliyokwama ipeleke ofisi ya mbunge wako wa Congress, wana utaratibu wa kuulizia uhamiaji ukiwasainia ruhusa. Suala la ada ya leseni ni la Bunge la Austin, ambalo kikao chake cha kawaida huanza Januari ya miaka isiyogawanyika kwa mbili na huchukua siku 140. Maana yake barua ziandikwe kabla, si baada.

Na ninyi mliopata uraia: kura mnayo. Msiwe watu wa kupiga picha na kibandiko cha "nimepiga kura" na kumcheka anayeomba lifti.

*8. KAZI YA TAWI*

Kuanzia Jumatatu ijayo kutakuwa na orodha ya lifti kwa maeneo manne ya jiji. Mwenye gari na leseni hai aandike jina, siku na saa anazoweza. Pia tunafungua mfuko mdogo wa usafiri kwa mwanachama ambaye leseni yake imekufa huku ana risiti mkononi. Hesabu zake zitasomwa kila mwezi hapa hapa kwenye grupu, mapato na matumizi, senti kwa senti. Mwenye kuhitaji aniandikie pembeni. Jina lake halitatangazwa.

Hatuna uwezo wa kuharakisha jibu la mtu. Uwezo tulionao ni kuhakikisha kwamba wakati anasubiri hapotezi kazi, hatapeliwi, na hatukanwi na watu wake mwenyewe. Tukishindwa hata hilo, tufunge Tawi, turudishe ada za watu.

Orodha inaanza na gari langu: Jumanne na Alhamisi, kuanzia saa kumi alfajiri, upande wa kusini-magharibi.

Umoja ni nguvu.

_Imetolewa na:_
*Katibu wa Tawi*
Houston, Texas

_Tuma kwa mwanachama ambaye hayumo kwenye grupu._