Usinunue Chupa Kabla Hujamjua Mdudu



Uendapo Nairobi kuwatazama watoto wako wakaao Bahati, Jericho au Buruburu, pita Gikomba uone mbao za saipresi zinavyouzwa. Mti huo ndio ua wa shamba lako, na siku ya shida ndio karo ya shule. Basi matawi yakigeuka rangi ya kutu, moyo hushtuka, nawe huenda ukarudi kutoka mjini na chupa ya dawa uliyouziwa na mchuuzi.

Ngoja kwanza. Siku hizi ziko dawa za kunyunyiza zilizofanywa kwa vijidudu, si kwa sumu kali. Mashuhuri kati yao ni Bt, bakteria aliyeonekana kwanza Japani mwaka 1901. Huko Kanada hunyunyizwa kwa ndege juu ya misitu inayoliwa na viwavi. Kiwavi hula jani lenye dawa, tumbo huharibika, naye hufa; nyuki wako hawadhuriki. Dawa njema sana.

Lakini akaushaye saipresi si kiwavi. Ni kidukari, aliyeonekana Malawi mwaka 1986 na hapa Kenya mwaka 1990. Yeye hatafuni jani, bali hufyonza utomvu kwa mdomo mfano wa sindano. Bt iliyo juu ya jani haimfikii kamwe, na fedha yako imekwenda na mvua.

Kidukari huyu alitafutiwa adui yake wa asili, nyigu mdogo aitwaye Pauesia, atagaye yai ndani ya mwili wa kidukari. Nyigu huyo aliachiwa Malawi mwaka 1994, na baadaye Kenya. Hapa ndipo siwaelewi majirani wengine: humwaga sumu kali juu ya ua mzima, wakamwua mlinzi pamoja na mwizi! Mwizi huzaa upesi kuliko mlinzi.

Kata kitawi chenye wadudu, kifunge vizuri, umpelekee Bwana Misitu, au wataalamu wa KEFRI kule Muguga. Akikuambia ni viwavi, nunua Bt katika duka lenye leseni, na chupa iwe na namba ya bodi ya PCPB. Nyunyiza jioni, viwavi wangali wadogo, kwa maana jua huimaliza nguvu dawa hii. Akikuambia ni kidukari, weka pampu chini umsikilize.